Foklifti Tuliyomuuzia Mzee Ramadhani

Baba Dogo, jioni ya kuamkia safari yako

Nanjala,

Kesho asubuhi hutaniona stendi. Sitakuwepo. Mama yako atakusindikiza, shangazi zako watakusindikiza, na hao akina mama wa kanisa walioko sebuleni, wanaokuimbia kana kwamba unakwenda kuwatoa wana wa Israeli Misri, nao watakusindikiza. Wameshaniita nije nifunge kwa maombi. Nimewaambia kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nina hasira, na mtu mwenye hasira hafai kusimama mbele ya sahani za chapati akajifanya anazungumza na Mungu.

Habari za sweta, za kushonea pasipoti ndani ya nguo, za kutokubali soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, utaambiwa na mama yako, na utaambiwa tena mpaka masikio yachoke. Mimi huko siingii. Nataka kukueleza habari ya foklifti. Najua hutaki kuisikia. Alhamisi ulinifokea ndani ya nyumba yangu, ukasema nisikuharibie safari. Barua hii nitaitia kwenye mkoba wako, uisome ukiwa umeshafika mbali, mahali ambapo huna mlango wa kunibamizia.

Wala usidhani naandika kukuomba msamaha. Yamo makosa yangu humu na nitayasema, lakini ya kwangu hayafuti ya kwako. Tuelewane hapo mapema.

Wewe foklifti ile unaijua kama chuma kikuukuu kilichofunikwa turubai kwenye yadi ya fundi wa mageti, Kariobangi. Mimi naijua tangu ikiwa mpya. Ilipoletwa kiwandani, rangi yake ya manjano inawaka, mimi ndiye niliyefundishwa kuiendesha, kuinua mizigo na kuipanga. Haikuwa ya dizeli. Ilikuwa ya betri tupu, na betri yenyewe si hii ya gari unayoijua. Ni kubwa kama sanduku la nguo la bibi harusi, imekaa chini ya kiti cha dereva. Wenzangu wa foklifti za dizeli walinicheka, wakasema naendesha friji. Lakini ndani ya stoo ya nyuzi hapakutakiwa moshi, kwa hiyo wao walibaki nje juani na mimi nikawa ndani kivulini. Nilikuwa na maringo, sitaficha.

Betri hiyo ilikuwa na sheria moja. Ukishaifanyisha kazi shifti nzima unaichaji, na ukishaichaji unaiacha ipoe, ndipo uirudishe kazini. Ukiirudisha ikiwa bado moto haitakwambia kitu siku hiyo, wala mwezi huo. Itakubebea mizigo vizuri tu, huku inakufa ndani kwa ndani. Akaja supavaiza mmoja mwenye haraka, aliyetaka kazi ya shifti tatu kutoka kwa mashine ya shifti moja. Akaniambia, "Weka, endesha. Ipoe ya nini, kwani ni uji?" Nilijua anaiua. Stoo nzima hakuna mwingine aliyejua. Nikaweka, nikaendesha. Nilidhani kunyamaza ndiko kulinda kazi, na kazi ikaja kuisha vilevile.

Maana nguo za mitumba zilipofurika sokoni Gikomba, nani angenunua nyuzi za kufuma nguo mpya? Kiwanda kikafungwa. Tukaambiwa malipo ya kuachishwa hayapo, kila mtu achague kitu aondoke nacho. Wenye akili walichukua vyerehani, mabati, meza za ofisi, hata milango. Jirani yetu Baba Simiyu alichukua mabati, na leo hayo mabati yamefunika nyumba kwao Webuye. Mimi nikachagua foklifti. Mama yako aliponiuliza kwa nini, nilimwambia nitaikodisha kwa wenye magodauni. Uongo mtupu. Nilitaka watu wanione nikitoka kwenye lile lango nimekaa juu ya kitu, si nikiburuta miguu kama wengine. Basi wakaniona. Nilipofika Outering ikazimika katikati ya barabara, madereva wakinipigia honi na makanga wa matatu wakinitukana, na nikaingia Kariobangi nikisukumwa na watu wa mikokoteni. Mama yako hakunisemesha wiki nzima, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo mimi nilijua hali ya betri ile kabla wewe hujapata wazo la kuiuza. Nilijua kuliko mtu yeyote Nairobi hii.

Ulipomaliza chuo cha ualimu serikali ikawa haiajiri walimu. Nilikuona ukiondoka kila alasiri kwenda kufundisha watoto wa watu tuisheni, leo Kayole, kesho Eastleigh, ukirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hukulalamika. Ilipokuja hiyo nafasi ya kufundisha hisabati Botswana, nilikwenda nikalia chooni ili usinione. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa sababu mtoto wangu alikuwa amepata kazi inayomstahili, na mimi sikuwa na nauli ya kumfikisha hata Namanga mpakani. Hapo ndipo uliposema, "Baba, na ile foklifti?"

Nikakuambia betri yake imekwisha. Unakumbuka ulivyonijibu? "Imekwisha kabisa, ama imekwisha kidogo?" Nikakueleza kila kitu, nikijiona mwalimu wa mwalimu. Nikakuambia ikichajiwa usiku kucha inaamka na nguvu, asubuhi inabeba, kufika saa nne inaanza kuhema, ukiipumzisha kidogo uhai unarudi, ukiitumia tena inazimika. Ulinisikiliza vizuri mno. Tangu uwe mtu mzima sijawahi kukuona ukinisikiliza namna hiyo. Nikadhani ni mapenzi.

Laiti ningekumbuka ile siku ya mzee wa kanisa. Ulikuwa darasa la pili. Alikuja kunichukua twende tukamwone mgonjwa, na mimi sikutaka kwenda, nilikuwa nimelala zangu. Nikakuambia, "Nenda umwambie Baba yuko shifti." Ukaenda ukamwambia, na wewe ukatia lako juu: "Ameenda na hata chai hajanywa." Mzee wa watu akasikitika, akaniombea palepale mlangoni, mimi niko chini ya blanketi nimejiziba mdomo nisicheke. Alipoondoka nilikukumbatia. Nikakununulia mandazi. Kesho yake nikawahadithia wenzangu kiwandani jinsi binti yangu alivyo mwerevu, wakacheka, nikajisikia baba kweli. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikulea kwa mandazi hayo. Lakini wewe si wa darasa la pili sasa, Nanjala. Una cheti cha ualimu.

Na ni ualimu huo uliokupa mnunuzi. Mzee Ramadhani ana godauni la unga na sukari Eastleigh, na wewe ulikuwa unamfundisha mwanawe hesabu. Alikuwa akitafuta mashine ya kuwapunguzia watu wake magunia mgongoni. Siku ya kuja kuiangalia alikuja na mashahidi wawili, shemeji yake na muuza kahawa wa pale karibu na godauni, na kitu cha kwanza alichosema kwangu ni hiki: "Mimi hapa sina wasiwasi, Baba Nanjala. Mwalimu wa mwanangu hawezi kunichezea."

Ulisikia. Ulikuwa umesimama kando yangu, ukatabasamu kwa heshima.

Ulimtaka aje asubuhi, si mchana. Usiku wote betri ilikuwa kwenye chaja. Ulimfanya fundi wa mageti apake rangi mpya palipobanduka. Mbele ya kiti cha dereva kuna mshale unaoonyesha nguvu iliyobaki. Wewe ukatundika kofia yangu juu yake, kana kwamba nimeisahau pale. Kofia niliiona na sikuiondoa. Mzee alipotaka tuijaribu na mzigo kamili, ukamwambia uwanja ule ni wa vumbi, matairi yatazama, mashine hii ni ya sakafu ya saruji. Akatikisa kichwa, akasema mwalimu anajua.

Halafu mimi nikapanda kuiendesha. Hapa usije ukasema ulinituma, kwa sababu hukunituma. Hukuwa unajua yale niliyoyafanya. Dereva wa betri ana ujanja wake. Nilipandisha uma, vile vyuma viwili vya mbele vya kuinulia, pamoja na paleti moja ya mbao, tupu, polepole, nikaushusha. Kushusha hakuli betri, uzito wenyewe ndio unaorudi chini. Halafu nikazima, nikaegemea usukani, nikamtolea Mzee hadithi ya meneja wetu aliyetumbukia kwenye pipa la rangi akatoka kijani mpaka kwenye masharubu. Mzee akacheka mpaka akamshika shemeji yake bega. Alipokuwa anacheka, betri ilikuwa inapumzika. Nikawasha tena, ikapanda tena kama kijana. Nikazima, nikatoa hadithi nyingine. Hivyo hivyo asubuhi nzima, pandisha, chekesha, pandisha, chekesha. Ukanikonyeza. Na nitakuambia jambo ambalo hata mama yako hajui: nilifurahi. Miaka yote tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimeonekana na maana yoyote machoni pako, na asubuhi ile ulinitazama kama zamani.

Sasa soma hapa polepole. Waislamu wenzake Mzee Ramadhani hawauziani kitu kilichotumika bila kuulizana kasoro. Kwao ni desturi iliyo na uzito. Anayeuza anaitaja kasoro mbele ya mashahidi. Anayenunua akiikubali wanapeana mikono na hakuna lawama tena mpaka siku ya mwisho. Mzee akasimama mbele yangu, si mbele yako, akaniuliza, "Nambie kasoro yake, Baba Nanjala. Nikiiridhia tumemaliza."

Wewe ukadakia, "Haina, Mzee." Yeye akaendelea kunitazama mimi.

Nikasema, "Kasoro yake ni kama yangu, Mzee. Asubuhi ina nguvu, mchana inataka kukaa."

Wakacheka wote. Muuza kahawa alicheka mpaka machozi. Mzee akanipa mkono, akasema ameridhia. Unaona nilichofanya? Nilisema kweli, lakini baada ya asubuhi nzima ya mizaha nilijua hakuna atakayeichukua kuwa kweli. Nilitaka kuwa mtu aliyesema na pia nibaki na nauli yako. Wewe angalau ulidanganya wazi, kama mtu mzima. Mimi nilimdanganya kwa kumwambia ukweli, halafu nikanywa kahawa yake na kula tende zake.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba angenunua. Nimemjua sasa. Tungemwambia betri imechoka angekuna kichwa, angeshusha bei, angetafuta betri nyingine mwenyewe, na wewe ungesubiri kidogo nauli itimie. Ungechelewa. Basi, hiyo tu ndiyo hasara ungeipata.

Kilichofuata unakijua kwa sababu nilikueleza Alhamisi, lakini hukuwa unasikiliza, ulikuwa unasukwa nywele na rafiki yako. Narudia. Mzee Ramadhani alimchukua mmoja wa wabebaji wake wa magunia, mtu mzima mwenye mke na watoto, akamfanya dereva. Mimi ndiye niliyemfundisha. Anatoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu alfajiri ili afike kabla godauni halijafunguliwa. Nilimfundisha kuongeza maji ya betri, kufuta juu yake kwa kitambaa, kuiacha ipoe. Aliyashika yote. Alijinunulia koti la buluu la dereva, akalitia pasi. Nilimwangalia nikajiona mimi wa zamani, na bado sikusema neno.

Betri ikafanya ilichokuwa lazima ifanye. Mara ya kwanza ilizimika saa tano, kisha saa nne, mwishowe ikazimika bale za unga zikiwa zimeinuliwa juu ya vichwa vya watu. Ikabidi wazishushe kwa mikono, moja moja, wakitukana. Mzee akauliza mashine iliyokuja nzima imekuwaje. Mashine haina mdomo, basi akaulizwa dereva. Akaambiwa ameichaji vibaya, ameinyima maji, ameiua. Wenzake wakaanza kumwita mchawi wa betri. Akafukuzwa.

Alhamisi Mzee aliponiita, aliniita kwa heshima kama fundi wake, nikathibitishe kosa la yule mtu. Nilimkuta nje ya geti, koti lake amelishika mkononi, amekatazwa kuingia. Nikaingia mimi. Nikafungua vifuniko vya betri kimoja baada ya kingine, watu wote wamenizunguka. Maji yalikuwa yamejaa sawasawa. Juu pamefutwa, pasafi kuliko meza yetu ya kulia chakula. Hakuna aliyewahi kuitunza betri ile namna hiyo, hata mimi. Mzee akaniuliza, "Haya nambie. Huyu bwana ndiye aliyeiua?"

Nikasema, "Betri ni kama roho, Mzee. Hakuna ajuaye inatoka lini."

Wakaguna, wakatikisa vichwa, wakaona nimenena. Pale getini yule dereva alikuwa anasikia. Alinitazama tu. Alikuwa ananingoja mimi niseme, kwa sababu mimi ndiye mwalimu wake. Nikampita, nikashika njia nikaja nyumbani, nikija kwako, maana nilidhani wewe na mimi tuko katika jambo hili pamoja na kwamba utaona aibu kama mimi.

Nawe ukasema, bila hata kugeuza kichwa, "Aki Baba, si utulie. Biz ni biz. Huyo kuli atapata job ingine." Nilipokazana ukanifokea nisikuharibie safari. Na nilipofunga mlango nikakusikia ukimwambia mwenzako, kwa Sheng yenu ya kumwita baba mbuyu, "Mbuyu ameanza kuzeeka, anaogopa kila kitu." Mkacheka.

La uzee nimelimeza. Nimezeeka kweli. Lakini lile neno kuli, Nanjala! Baba yako aliingia kiwanda kile akiwa kuli. Babu yako alibeba magunia ya mahindi kwenye reli akiwa kuli. Ada yako ya shule ilitoka mgongoni, na wewe unalitema neno hilo ukiwa umeinamisha kichwa usukwe rasta za safari. Nilisimama nje ya mlango nikatamani kurudi nikuchape, mtu mzima kama wewe. Sikurudi kwa sababu mama yako alinishika mkono. Mpaka sasa natamani.

Usiku ule na siku iliyofuata sikusema na mtu. Leo asubuhi, wewe ukiwa mjini na shangazi yako, nimekwenda Eastleigh. Nilimwomba Mzee Ramadhani awaite mashahidi walewale. Shemeji yake akaja, muuza kahawa akaja na birika lake. Nikasema, "Mzee, uliponiuliza kasoro, ilikuwepo. Betri ilikuwa imekufa tangu kiwandani."

Mzee akawatazama mashahidi wake. Kisha akasema, "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukanichekesha."

"Nilikuchekesha, Mzee."

Muuza kahawa akatazama chini. Sijawahi kuona haya namna ile, hata siku ya kusukumwa Outering. Mzee akaniuliza, "Ni wewe ama ni mwalimu?" Aliuliza polepole, na nikaona kwamba jibu moja lingemuumiza kuliko lile lingine, kwa sababu ya mtoto wake. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia binti yangu hajui betri wala nini, alisema haina kasoro kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Nikamwona anashusha pumzi. Akasema, "Alhamdulillahi, afadhali si yeye." Kwa hiyo kwenye nyumba ya Mzee Ramadhani wewe bado ni mwalimu mwema, na watoto wa pale watakuombea safari njema. Usinishukuru. Sikufanya kwa mapenzi, nilifanya kwa sababu nisingeweza kuistahimili sura yake kama ningesema kweli yote. Ni ule ule ugonjwa wangu.

Hela zake alijua zimekwishakuwa tiketi, hakuzidai. Alidai kitu kingine. Kuanzia Jumatatu nitabeba bale za unga katika godauni lake mpaka betri nyingine ipatikane. Dereva naye anarudishwa kwenye kiti chake, na huyo dereva ndiye atakayenipangia kazi. Nimekubali. Mama yako anasema mgongo wangu hautaweza. Labda. Nilimwambia anyamaze, asikuambie mpaka uondoke, nisije nikakuona unajifanya kulia.

Kutoka pale nilishuka mpaka Mukuru kwa Njenga kumpelekea mwenyewe habari. Niliuliza nyumba hadi nyumba nikampata amekaa mlangoni, anashona kiatu cha mtoto. Hakunikaribisha. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, na mkewe anasikiliza kutoka ndani. Nilitegemea atanitukana, na ningefurahi, ningepumua. Akasema, "Watoto wangu wameitwa watoto wa mchawi hapa plotini, Mzee. Walikuwa wananiuliza kama ni kweli." Nikamwambia Jumatatu arudi, kiti ni chake. Akasema atarudi kwa sababu watoto wanakula, si kwa sababu yangu. Akarudi kwenye kiatu chake. Nilipogeuka kuondoka akaniuliza swali moja.

"Na huyo binti yako anayesafiri na kazi yangu, anajua hata jina langu?"

Nikamwambia unalijua.

Mkewe akatoka mlangoni kunitazama. Sijui kama waliniamini. Nimetembea kutoka Mukuru mpaka hapa nikilifikiria swali hilo, maana barua nzima hii nimemwita dereva, sikumtaja jina, kwa makusudi. Nilitaka ufike hapa ukiwa hulijui, kama usivyolijua sasa.

Anaitwa Musa Kioko. Mkewe anaitwa Mwende.

Ukifika Botswana barua yako ya kwanza isije kwangu. Mwandikie yeye, kwa anwani ya godauni, na mwambie wewe mwenyewe uliyoyafanya. Usiniweke mimi mbele kama ngao, na usiandike Kiingereza chako cha chuoni. Usiponiandikia mimi mwaka mzima nitaishi. Lakini barua yako yoyote itakayofika Baba Dogo kabla Musa hajaniambia, pale chini ya magunia, kwamba yake imefika, nitairudisha posta kama ilivyokuja, haijafunguliwa, hata kama mama yako atapiga magoti.

Nenda salama. Hilo nalisema, wewe ni damu yangu. Lakini mlango wangu nimeuacha kwa Musa Kioko, na ni yeye atakayekufungulia.

Baba yako